Muhuri wa Mbegu za Migato

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kigoda, wembe na bakuli lenye mbegu mia moja za pamba. Mkaguzi wa Mbegu wa Wilaya, mzee mrefu mwenyeji wa Ipililo aliyevaa soksi mpaka magotini kama askari, aliniambia nipasue kila mbegu katikati, nitenge zilizo nyeupe ndani na zilizogeuka kahawia. Nyeupe ni hai, kahawia imekufa. Kabla ya saa nne nilikuwa nimemaliza, nikampelekea huku najivuna kidogo.

"Vizuri," alisema. "Sasa katika hizi zilizo hai, nionyeshe zenye ugonjwa."

Nikaziinamia tena. Zote zilikuwa nyeupe kama maziwa. Nikasema sioni yenye ugonjwa hata moja.

"Huoni. Na mimi sioni. Kwa macho hakuna anayeona, ndiyo maana tuna karatasi." Akafungua mtoto wa meza, akatoa cheti cha asili. Kila shehena ya mbegu ilitakiwa kuwa na karatasi ile, inayotaja imechambuliwa wapi na imevunwa kanda gani. "Gunia lisilo na cheti," akasema, "ni mgeni asiyetaka kutaja kwao. Humlazi nyumbani mwako."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo juzi tu. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na jina la Simiyu sisi tulilijua kuwa la mto. Wakulima waliniita Bibi Shamba, kama walivyowaita wanawake wote wa kazi ile, lakini kituo changu kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho kila mtu alikiita jinari.

Ninyi vijana mnaoijua pamba ikiwa tayari shati, niwaeleze. Pamba ikitoka shambani ina mbegu ndani yake. Pale jinari, mashine zenye rola huvuta nyuzi na kuziacha mbegu. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota na kusafirishwa, nyingi zikienda ng'ambo. Mbegu nyingine hukamuliwa mafuta, na zile bora hurudi kwa mkulima azipande. Kwa hiyo kosa likiingia jinari, halibaki jinari. Msimu unaofuata liko katika kila kijiji.

Kosa tuliloliogopa kuliko yote ni mnyauko. Ni ugonjwa unaoingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mti. Udongo una unyevu, mvua inanyesha, lakini pamba inalegea kama iliyonyimwa maji mwezi mzima. Ukipasua shina lake unakuta mstari wa rangi ya chai iliyokolea. Dawa hakuna. Ukishaingia ardhini unakaa humo miaka na miaka, hata usipopanda pamba, na unahama na mbegu, na udongo ulioganda kwenye jembe, na maji ya mafuriko. Upande wa ziwani ulikuwa umekwisha kuingia. Upande wetu ardhi ilikuwa safi. Ndiyo maana nchi ya pamba iligawanywa kanda, yetu ikiitwa Mashariki, na mbegu ya kule ilikatazwa kuvuka kuja huku.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Lingeka, kule Meatu, kusimamia geti la mbegu, la kuzuia mbegu za ziwani zisivuke. Lilikuwa gogo moja juu ya mapipa mawili, na kibanda cha bati. Huko ndiko nilikoona mnyauko kwa mara ya kwanza. Mfugaji mmoja aliyehama na ng'ombe wake kutoka ziwani alikuwa amepitisha kopo la mbegu ndani ya mizigo ya mkewe. Hakuwa na nia mbaya, ni mbegu alizozizoea. Shamba lake lilipoanza kulegea, Mkaguzi alikuja mwenyewe, akapasua shina moja, akanipa kiberiti.

"Ling'olewe lote, lichomwe," akasema. "Na asilime pamba hapa tena."

Yule bwana alisimama karibu yangu moto ulipokuwa ukiwaka. "Mayu," aliniambia, yaani mama, ingawa nilikuwa na umri wa binti yake, "unachoma ugali wa watoto wangu." Nilimjibu kwamba ni sheria. Lakini mnyauko haukuvuka shamba lile, na majirani zake wote walivuna. Nilijifunza siku ile kwamba kazi yetu ilikuwa na ukatili ndani yake, na kwamba ukatili ule ulikuwa ukiwalinda watu wengi wasiojua.

Niliporudishwa Bariadi nilikuwa Mkaguzi kamili, nimefiwa na mume, nina watoto watatu, nakaa nyumba ya kiwanda. Na hapo ndipo soko huria lilipoingia.

Sitawadanganya kwamba zamani ilikuwa peponi. Katika miaka ya mwisho ya Chama Kikuu cha Ushirika, pamba ililala katika maghala ya vijiji mpaka panya wakazaliana humo. Mashine ilisimama msimu mzima kwa kukosa mkanda mmoja. Watu walikuwa wamechoka, na mabadiliko yalipotangazwa walishangilia. Wanunuzi walikuja na mizani zao mpaka Migato, kijijini kwetu. Baiskeli mpya zikaonekana, na bati, na vitenge vya rangi ambazo hatukuzijua. Nyumba ya mama yangu iliezekwa bati mwaka ule. Nani angelalamika?

Meneja Mkuu wa zamani alituita wafanyakazi wote uwanjani kutuaga. Alisema, "Kuanzia msimu huu pamba si ya Chama tena. Ni ya dunia. Bei itatoka duniani, mitambo itatoka duniani, na wenye kiwanda watatoka duniani."

Maduhu, fundi wa rola, mtu wa mzaha, akanyoosha mkono. "Bwana Meneja, hiyo dunia ofisi yake iko wapi, tukiwa na shida tuende?"

Tulicheka sana. Meneja hakucheka.

Kampuni mpya ilipochukua kiwanda, kila Ijumaa saa tisa karani alibandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Walioandikwa humo walikuwa wamepunguzwa kazini. Saa nane na nusu mashine zilikuwa bado zikinguruma lakini watu hawakuwa wakizungumza. Nilimwona Maduhu akiusogelea ubao huku amevua kofia, kama anayeingia kanisani. Alisoma, akarudi kwenye mashine yake, akaipangusa mafuta kwa kitambaa taratibu mpaka ikang'aa, kisha akaondoka bila kumuaga mtu. Tangu siku ile nami niliijua hofu ya Ijumaa.

Mambo mengine yaliharibika polepole. Zamani mkulima alitenga pamba yake mafungu mawili: safi, na fifi, ile yenye madoa na takataka. Wanunuzi wapya walikimbizana, kila mmoja akiogopa mwenzake atamtangulia, hawakuwa na muda wa kutenga. Safi na fifi vikaingia gunia moja. Wengine wakanyunyiza maji na kutia mchanga ili uzito uongezeke. Pamba yetu ikapoteza jina lake ng'ambo, bei ikashuka, na tulipouliza nani kaishusha tuliambiwa ni soko la dunia. Geti la Lingeka liliondolewa. Niliambiwa gogo lake limekuwa boriti ya nyumba ya mtu.

Kisha mbegu zikapungua. Wanunuzi walikuwa wakizipeleka zote kwenye mashine za mafuta, kwa kuwa kutunza mbegu za msimu ujao haikuwa kazi ya yeyote kati yao. Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza kunyesha, wakulima wamekwisha kulima, na ghala letu lilikuwa tupu isipokuwa gunia moja nililoliweka kwa ajili ya majaribio ya uotaji.

Asubuhi moja malori matatu yaliingia yakiwa yamejaa magunia. Meneja wa Kiwanda, kijana mstaarabu kutoka Dar es Salaam, aliniita ofisini.

"Mama, hizi zinatakiwa Migato leo hii. Tunahitaji muhuri wako."

"Cheti cha asili kiko wapi?"

"Zimetoka kiwanda chetu kingine. Kampuni ni moja, mama."

"Kiwanda kipi?"

Akataja mahali ufukweni mwa ziwa.

"Bwana Meneja, kule kuna mnyauko. Hizi haziwezi kuvuka."

"Umezipasua?"

"Haionekani kwa kupasua."

"Basi unakataa kitu usichokiona." Hakupaza sauti. Alifungua faili, akanisogezea karatasi ya faksi iliyojikunja. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu. "Hawa ndio mabosi zangu. Migato hawaijui. Hata Bariadi hawaijui. Wanajua tani. Nisipotoa mbegu, mwakani sina pamba. Nisipokuwa na pamba, watafunga hapa wahamie kwingine, nchi nyingine kabisa. Na wakulima wako, mvua hii itawangoja? Watapanda nini?"

Ubaya wa siku ile ni kwamba hakusema uongo. Nilitazama dirishani. Wanawake wa Migato walikuwa wamekaa nje ya lango na vikapu vyao, wamekuja kwa miguu kuuliza mbegu.

"Ijumaa kuna orodha nyingine," akasema kwa upole. "Jina lako sijaliandika."

Nilichukua fomu tatu za cheti cha asili, moja kwa kila lori. Palipoandikwa Kanda ya Asili, nikaandika kwa mkono wangu: Mashariki. Nikagonga muhuri mara tatu. Malori yalipotoka langoni, wale wanawake walipiga vigelegele.

Jumamosi nilibeba lile gunia la majaribio, nikaenda nalo Migato kwa kaka yangu Masanja. Nilimkuta uani ananoa jembe. Mama alikuwa kibarazani anapepeta choroko.

"Mwangaluka, ilumbu," akanisalimu. Ilumbu ndivyo tunavyoitana Kisukuma kaka na dada.

"Mwangaluka mhola. Masanja, panda hizi. Zile za lori usiziguse."

"Zina nini?"

"Usiniulize. Na usimwambie mtu."

"Hata Luhende?"

Luhende alikuwa jirani yetu, mpaka wake na wetu ni mfereji tu. Kila mwaka alimlimia Masanja kwa plau na ng'ombe wake, na Masanja akamsaidia kupalilia.

"Hata Luhende. Na plau yake isiingie tena shambani kwako. Wala ya mtu mwingine."

Alitaka kusema jambo, kisha akalichukua gunia akaliingiza ndani. Mama akauliza kutoka kibarazani, "Mbona mnanong'ona kama wezi?"

Msimu wa kwanza yalionekana madoa tu, miti michache ikilegea hapa na pale. Watu walisema ni jua. Nilitaka kuamini hivyo. Nilifanya mpango na mwenzangu wa Meatu, nikapata gunia jingine safi, nikampelekea Masanja tena. Msimu wa pili Masanja na mkewe walilima kwa jembe la mkono shamba zima, maana plau ya Luhende ilikuwa imekatazwa. Luhende alikuja na ng'ombe wake kama kawaida, akaambiwa asante, mwaka huu hapana. Akauliza amekosa nini. Masanja akasema hajakosa kitu. Luhende alirudi kwake akiwaswaga ng'ombe wake, na tangu hapo hakupita tena njia ya kwetu.

Mwezi wa pili, pamba ikiwa imefika kiunoni, mnyauko uliishika Migato. Shamba la Luhende lililala lote, kisha lililofuata, kisha lililofuata, mpaka bondeni. Niliposhuka kutoka kwenye basi siku ile nilisimama barabarani nikitazama. Nchi ilikuwa mbichi kwa mvua, nyasi zimejaa, na pamba imekauka. Katikati ya ukavu ule palikuwa na shamba moja la kijani, limesimama na maua yake. La kwetu.

Sikulifurahia. Nililiogopa.

Wasio wa kwetu labda hawatanielewa. Kwetu, msiba usio na sababu hutafutiwa mtu. Na mtu huyo mara nyingi ni bibi kizee aliyefiwa na mume, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Mama yangu Nkwimba alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa kitongoji kile. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na shamba la mwanawe lilikuwa la kijani. Kijiji cha pili, miezi michache nyuma, bibi mmoja alikatwa mapanga akichota maji. Tulienda kuzika. Hakuna aliyesema ni nani aliyemkata.

Alhamisi moja mchana Masanja alikuja kiwandani kwa baiskeli, jasho linamtiririka.

"Wameweka mzigo wa pamba iliyonyauka mlangoni kwa mama," akasema. "Watoto hawatumwi tena kwake. Kesho asubuhi sungusungu wanamwita."

Sungusungu ni jeshi la jadi la kijiji, wanaume wenye pinde na mishale. Walianza kwa kuwakamata wezi wa ng'ombe, na kwa hilo tuliwashukuru. Lakini wakisema mtu atengwe, hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Na aliyetengwa kwa uchawi hadumu.

Ijumaa ile sikwenda kwenye ubao wa matangazo. Nilichukua nakala za zile fomu tatu, nikaziweka ndani ya Biblia yangu, nikapanda basi la kwanza. Njia nzima nilipanga jinsi ya kumwokoa mama bila kujitaja. Ninawaambia ukweli: hata wakati ule nilitaka kusema nusu.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la chama cha msingi, lililokuwa limefungwa tangu soko huria. Wanaume walikaa kwa duara, pinde zao magotini. Mama alikuwa ameketishwa chini katikati, miguu ameinyoosha, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Hakulia. Aliponiona alitikisa kichwa kunikataza nisikaribie.

Niliomba ruhusa kwa Kamanda wa sungusungu, nikapewa. Nikaenda kung'oa mti mmoja shambani kwa Luhende na mwingine kwetu, nikarudi nikaipasua mbele yao. "Tazameni. Huu una mstari wa kahawia, huu hauna. Ni ugonjwa. Unaitwa mnyauko, umetoka ziwani. Si uchawi."

Miti ilipitishwa mkono kwa mkono. Wakaitazama kwa makini. Kisha mzee mmoja akasema, "Bibi Shamba, tumekuona. Lakini huo ugonjwa kwa nini ulichagua? Umeruka mfereji, ukaacha shamba la Masanja, ukaendelea. Nani aliyeuambia uruke?"

Wengi wakaitikia kwa mguno. Kamanda akamgeukia mama. "Mayu, tuambie wewe."

Mama akafungua mdomo, na nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akiogopa kabla ya siku hiyo. Hapo nusu yangu ya ukweli ikaniishia.

"Ni mimi," nikasema.

Nikatoa zile karatasi. "Mbegu mlizopewa zilitoka ziwani. Hazikuwa na cheti. Mimi niliandika kwamba ni za huku, nikagonga muhuri. Huu hapa. Masanja nilimletea mbegu nyingine kwa siri. Plau ya Luhende niliikataza mimi. Mama hajui lolote. Anajua tu kwamba tulinong'ona."

Luhende akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alichelewa kuyapata.

"Ulijua zitaua pamba?"

"Nilijua zinaweza."

"Ukampa kaka yako nyingine."

"Ndiyo."

"Na sisi tulikupigia vigelegele. Mke wangu alikuwa pale langoni." Akamgeukia Masanja. "Miaka kumi na miwili ng'ombe wangu wamelima shamba lako. Nikakuuliza nimekosa nini. Ukasema sijakosa kitu."

Masanja aliangalia chini. Alilia pale mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Walishauriana mpaka jua likawa kichwani. Mama akaachiwa huru. Masanja akatozwa dume la ng'ombe, likachinjwa na kuliwa na kijiji. Mimi nikaambiwa nisikanyage Migato tena. Kamanda alimwambia mama anaweza kubaki, nyumba ni yake. Mama akainuka, akajipangusa vumbi la kitenge. "Ndani ya nyumba hiyo nimekaa wiki sita nikisikiliza kila anayepita," akasema. "Nimewazalisha wake zenu. Naondoka na mwanangu."

Ndani ya basi, karibu na Bariadi, akauliza, "Wale wanawake waliopiga vigelegele, uliwaona?" Nikasema niliwaona. Hakuuliza tena, wala siku ile wala nyingine.

Jumatatu nilimweleza Meneja yote. Alivua miwani akaiweka juu ya faili. "Ungeweza kuja kwangu kwanza," akasema. Nikamwambia hapakuwa na muda. Ijumaa iliyofuata jina langu lilikuwa kwenye ubao, la pili kutoka juu. Nilihama nyumba ya kiwanda na watoto watatu na mama mmoja. Msimu uliofuata mbegu ziligawiwa bila cheti wala muhuri. Hawakuhitaji tena mtu wa kudanganya, kwa sababu hapakuwa na anayeuliza.

Haukupita muda mrefu, wenye kampuni wakauza kiwanda kwa wengine, nao wakakifunga. Yule Meneja alipita nyumbani kuniaga, ana begi moja. "Mama, na mimi wamenibandika," akasema. "Kwa faksi." Alikunywa uji wa mama yangu kibarazani. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi, ila yake ilikuwa na tai.

Nami nilikaa bila kazi miaka kadhaa, kisha nikaajiriwa na halmashauri kuwa afisa ugani, na huko ndiko nilikostaafu. Niliwafundisha watu kupanda dengu na mtama katika ardhi iliyougua, kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, kutochanganya safi na fifi. Vijiji vingine vilinisikiliza. Migato walifundishwa na mwenzangu.

Siku hizi vijana wanapokuja na daftari zao kuniuliza kama utandawazi umetuletea maendeleo, nawaambia watazame paa. Bati zipo, na simu zipo, na pikipiki zipo kila njia panda. Mimi mwenyewe mjukuu wangu anazungumza nami kutoka nchi ya mbali nikimwona uso. Sikatai. Lakini ninaogopa, na sioni aibu kusema. Zamani aliyetudhulumu tulimjua kwa jina, tukamsema kwa jina, hata kama tulimsema kwa kunong'ona. Siku ile ofisini kulikuwa na karatasi iliyojikunja tu, na kila aliyeishika alikuwa akimwogopa mwingine asiyeonekana. Mtu wa mwisho katika mstari ule, mwenye muhuri, nilikuwa mimi. Ndiyo maana nimeandika haya, si kwa ajili ya kuwalaumu wa ng'ambo. Wao hawakujua kwamba Migato ipo. Mimi nilizaliwa pale.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu mama alifariki. Alikuwa ameomba azikwe Migato, kando ya baba. Niliogopa hata kutuma salamu. Masanja akaenda kuuliza kwa Kamanda mpya na wazee, akarudi jioni na jibu la neno moja: mleteni.

Tulifika mchana, jeneza likiwa kwenye pikapu. Tulikuta kaburi limekwisha kuchimbwa, na kina mama wameinjika vyungu. Luhende alikuwa amesimama kando ya kaburi, mzee sasa, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilimsalimu, akaitika. Jeneza lilishushwa, mchungaji akamaliza sala.

Ndipo akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Huyu tulimwogopa bure. Tuliyepaswa kumwogopa tulikuwa tukimkaribisha kwa maziwa."

"Ni kweli, baba," nikasema.

Akanipa jembe. Nilifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanaume walisimama kuzunguka kaburi na majembe yao, hakuna aliyenyoosha mkono kunipokea, wala mimi sikutaka nipokewe.